Mia Tano Kumi na Mbili

Waliponipigia simu kuniambia da Zuhura amefariki, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa dua wala chozi. Ilikuwa namba, mia tano kumi na mbili. Nilikuwa darasani Vwawa, kalamu ya ubaoni mkononi, nawaeleza wanafunzi wangu jinsi mashine za Unix zinavyohamisha data kutoka diski moja kwenda nyingine, bloki kwa bloki, na namba hiyo nilikuwa nimeshaiandika ubaoni kabla simu haijalia. Niliifuta. Kisha nikaiandika tena, maana kipindi kilikuwa hakijaisha na wale vijana wamelipa ada. Msichana mmoja wa mbele akaniuliza, "Mwalimu, kuna msiba?" Nikamjibu upo. "Ni wa ndugu?" Nikamwambia anakili yaliyo ubaoni.

Kutoka Vwawa mpaka Tunduma si safari ya kumshinda mtu. Nimekuwa nikienda kununua vitenge, kumwona daktari wa meno, kupokea mizigo ya chuo. Lakini kwa da Zuhura sikuwahi kukanyaga tangu nikiwa na miaka ishirini na miwili, na nyumba yake nilikuwa naikwepa kwa kupita barabara ya nyuma ya soko, yenye matope, huku nikijidai ndiyo ya mkato. Sasa nilikaa kwenye mkeka wa msiba wake kama mtu mwenye haki ya kukaa. Wanawake wawili nyuma yangu walikuwa wananong'ona, ila watu wa Tunduma wamezoea kushindana na injini za malori, kwa hiyo mnong'ono wao unasikika mpaka jikoni. "Huyu ndiye Enesi?" "Enesi yupi?" "Si yule aliyekalia kiti chake." Mmoja akaguna. Kisha akanisogezea sahani ya pilau kwa mikono miwili, kwa adabu zote, nami nikala, maana ukikataa chakula cha msibani unazua jambo la pili.

Habari za kwetu Igamba na nani alinizaa sitazieleza. Hawakuwa na kosa lolote katika haya. Nieleze chumba. Kampuni ilikuwa ya uwakala wa forodha, ghorofani, juu ya duka la matairi, enzi hizo sisi bado tuko mkoa wa Mbeya na Songwe ni jina la mto. Chini kulikuwa na yadi ambamo malori yalisubiri kukaguliwa, na hakuna lori lililotoka getini bila hati ya kutoka iliyochapwa na mashine yetu. Mashine yenyewe ilikaa kwenye kichumba chenye pazia la kitenge na feni iliyokohoa. Vituo vya kuingizia habari vilikuwa vinne. Cha kwanza kilikuwa kaunta, kwa wateja. Cha pili kilikuwa cha da Zuhura, mkuu wa mtambo, mama wa Tanga aliyefuata mume mpakani na kubaki baada ya mume kuondoka. Cha tatu kilikuwa kwa meneja, Bwana Simfukwe. Cha nne, karibu na mlango, kilikuwa changu. Kila hati ilipotolewa, diski iliandika mambo matatu: jina la aliyeitoa, saa, na kituo alichokalia. Karatasi ya getini ilionyesha jina na saa tu. Kituo kilibaki ndani ya diski.

Nilifika pale Januari, najua kuchapa na basi. Da Zuhura ndiye aliyenifundisha kila ninachofundisha leo, tena kwa ukali wa upole uliokuwa wake peke yake. Alfajiri alipika mkate wa kumimina, akaja nao umefungwa kwenye khanga, na saa nne tulikula kichumbani, chai ya tangawizi ikiwa juu ya kiti, mbali na mashine, maana mbele ya mashine hata machozi alikuwa hayaruhusu. "Lia nje," aliniambia siku mama mwenye nyumba wangu aliponitolea vitu barabarani. "Ukimaliza, rudi tuhifadhi data." Nililia nje. Niliporudi alikuwa ameshapiga simu nipate chumba kwa jirani yake.

Somo la bloki nilimkwamisha nalo wiki nzima. Nilikuwa sielewi kwa nini kazi ileile, diski ileile, ukiiambia mashine ihamishe kwa bloki kubwa inamaliza upesi, na ukiiambia ihamishe kwa bloki ndogo inajikokota. Akanipeleka dirishani. Chini vibarua walikuwa wanahamisha mahindi kutoka lori moja kwenda jingine. "Yule anabeba gunia," akasema. "Kila safari ina kwenda na kurudi. Mpe kikombe badala ya gunia, mahindi ni yaleyale, lakini hizo safari zitamuua. Mashine nayo inachoka na safari, haichoki na mzigo." Nikafurahi, nikasema basi siku zote tutumie gunia. Nilikuwa nimemletea kahawa kutoka nyumbani, mbichi, haijakaangwa, akaimwaga kwenye sinia. "Kwenu mkikuta punje mbovu mnafanyaje?" Nikamwonyesha. Mtu yeyote wa Mbozi anaijua kazi hiyo kabla hajajua kusoma: unaketi na sinia mapajani, unachambua punje moja moja, mbovu kando, nzima ndani, siku nzima, mpaka shingo inakataa. "Kwa nini hamtupi sinia zima?" Nikacheka. Hakucheka. "Diski nzima, tumia gunia. Diski mbovu, chambua. Ukisoma mbovu kwa bloki kubwa, mashine ikigonga sehemu moja isiyosomeka, bloki yote inajazwa sifuri, pamoja na nzima zilizokuwa jirani. Unatupa sinia kwa punje moja. Diski mbovu unaisoma kwa mia tano kumi na mbili, baiti mia tano kumi na mbili kila safari, hata kama itachukua siku tatu. Umeelewa, mdogo wangu?" Nilielewa. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilielewa vizuri kabisa.

Kulikuwa na jambo jingine la desturi pale, na kila ofisi ya mpakani nadhani ilikuwa nalo. Neno langu la siri halikuruhusu kutoa hati. La da Zuhura liliruhusu. Foleni ikiwa ndefu, madereva wa Zambia wamesimama mpaka kwenye ngazi, mmoja anagonga kaunta, anasalimia kwa Kibemba na kudai hati yake, "Mulishani mukwai, naomba pepala yangu," da Zuhura alikuwa ananiingizia neno lake la siri kwenye kituo changu ili tufanye kazi wawili. Kabla ya kuondoka alisema sentensi ileile kila mara: "Ukinyanyuka, funga." Nami nilifunga. Karibu kila mara.

Ijumaa ile ilikuwa mwezi wa Agosti, vumbi limejaa mpaka kwenye meno. Da Zuhura alikwenda nyumbani kuswali, kama kila Ijumaa. Mimi nilishuka kwa mama Sikujua, mama ntilie wa nyuma ya yadi, nikala ugali na dagaa kapenta. Nakumbuka zilikuwa za pilipili na alinipa zile za chini ya sufuria, zilizoshika. Nilirudi, nikafanya kazi, jioni nikaenda zangu. Jumamosi asubuhi ikajulikana kwamba lori la shaba lililokuwa linasubiri ukaguzi lilitoka getini saa saba na dakika kumi mchana wa Ijumaa, na hati yake ilikuwa na jina la Zuhura. Lori halikufika Dar es Salaam. Halikufika popote.

Bwana Simfukwe alimwita mbele yetu wote. Alikuwa mtu wa kuongea taratibu, mwenye miwani ya kamba, na alipenda sana neno "utaratibu". "Jina ni lako, dada. Mimi nafanyaje? Utaratibu ni utaratibu." Da Zuhura hakupandisha sauti. Alisema, "Saa saba nilikuwa nimeshatoka kwenda kuswali. Jina ni langu, sawa. Fungueni diski muone kituo." Meneja akasema tajiri, mwenye kampuni, atakuja Jumatatu kutoka Dar, ataifungua mwenyewe. Mpaka hapo da Zuhura asiingie ofisini. Akachukua mkoba wake na ile khanga ya mkate, akaniambia tu, "Angalia mashine."

Jumapili umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na Jumatatu asubuhi nilipoingia kichumbani diski ilikuwa inagonga. Aliyewahi kuisikia sauti hiyo hanihitaji nimweleze. Nilimwambia meneja: diski inakufa, ihamishiwe kwenye mpya sasa hivi. "Itachukua muda gani?" Nikamwambia ukweli. Kwa njia ya salama, mpaka kesho jioni, labda kesho kutwa. Akaenda dirishani. Malori yalikuwa yamejaa yadi, na mengine yamepanga foleni barabarani kuelekea Nakonde, upande wa Zambia, madereva wamelala chini ya matela. "Tajiri anafika saa nane," akasema. "Nataka saa nane akute mashine inafanya kazi na malori yanatoka. Hamna njia ya haraka?" Nikasema ipo. "Basi." Kisha akaongeza, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, "Na huyu dada akiondoka, nani mwingine anaijua hii mashine zaidi yako?"

Nilirudi kichumbani. Da Zuhura alikuwa amepanda ngazi ya nje, ile ya chuma, amesimama nyuma ya dirisha lenye nondo. Sijui alijuaje. Nadhani aliisikia ile sauti kutoka chini, alikuwa na sikio la mama mwenye mtoto mgonjwa. "Inagonga toka saa ngapi?" "Nimeikuta inagonga." "Usiizime. Usiharakishe, Enesi. Chambua kama kahawa ya kwenu. Mia tano kumi na mbili, hata wakikutukana. Yangu yote yamo humo." Nikaitikia, "Ndiyo, dada." Akashuka. Nilisikia viatu vyake kwenye chuma, ngazi moja moja.

Nimeisimulia hadithi hii mara nyingi, kwa wafanyakazi wenzangu na kwa wanafunzi, na mara zote nimesema niliharakishwa. Meneja alinibana, nilikuwa mdogo, foleni ilikuwa ndefu. Hiyo ni nusu. Nusu nyingine nimeificha miaka yote, na leo naiandika kwa sababu aliyekuwa na haki ya kuisikia ameshafukiwa. Nikiwa nimeketi pale, mkono kwenye vibonye, nilikumbuka mchana wa Ijumaa. Nilikumbuka harufu ya kapenta ikipanda kutoka nyuma ya yadi, nilikumbuka nilivyonyanyuka kwa njaa. Sikukumbuka kufunga. Neno la siri la da Zuhura lilikuwa wazi kwenye kituo cha nne, changu, na ofisini hakubaki mtu isipokuwa meneja. Kama aliyetoa hati ile aliketi kwenye kiti changu, diski itasema kituo cha nne. Nani ataniamini kwamba nilikuwa nakula? Mama Sikujua alilisha watu hamsini mchana ule, asingemkumbuka yeyote. Nikaandika amri ya kunakili, dd, na pale pa ukubwa wa bloki nikaweka megabaiti moja, gunia zima. Nikaiambia ikikuta pabovu isisimame, ijaze sifuri iendelee. Nikabonyeza. Hakuna aliyenishika mkono.

Iligonga, ikasita, ikaendelea. Kila iliposita nilijua sinia zima limemwagwa. Nilikaa nikiiangalia, sikwenda hata chooni.

Tajiri alifika saa nane, mashine inafanya kazi, malori yanatoka. Kumbukumbu za Alhamisi zilikuwepo. Za Jumamosi zilikuwepo. Ijumaa ilianza asubuhi vizuri, ikafika saa sita, kisha zikafuata sifuri, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka saa tisa. Tajiri alizitazama akauliza ni nini. Meneja akasema umeme. Nami nikasema umeme. Basi likabaki jina kwenye karatasi ya getini. Da Zuhura alilala mahabusu majuma mawili, akatolewa kwa kukosa ushahidi wa kumfunga, lakini wa kumfukuza ulitosha. Alipokuja kuchukua vitu vyake meneja alimsukumia boksi la takataka za kichumbani kwa mguu, akamwambia achukue na hizo. Akachukua. Aliponipita alinisalimia, "Habari za kazi?" Nikajibu, "Nzuri, dada." Wiki iliyofuata nilihamia kituo cha pili.

Baadaye alifungua duka la vifaa vya shule na kutoa nakala, karibu na stendi. Mimi nikaondoka, nikasoma, nikapata vyeti, nikawa mwalimu. Bwana Simfukwe alijenga nyumba ya ghorofa barabara ya kwenda Ihanda, akafa kwa sukari, akazikwa kwa heshima na hotuba tatu. Nasikia mwimbaji wa kwaya alizimia. Watu wanapenda kusema malipo ni hapahapa duniani. Mimi nimeyasubiri, sijayaona yakimfikia yeyote isipokuwa asiyestahili.

Baada ya hitima, wageni wakiwa wanakunja mikeka, Mwanaidi aliniita chumbani. Ni binti yake pekee. Mwaka ule alikuwa darasa la pili, akija ofisini na sare ya bluu kula ukoko wa mkate wa mama yake. Sasa ni muuguzi, na ana macho yaleyale ya kusubiri umalize uongo wako. Chumba kilikuwa na kitanda, mswala, na harufu ya udi. Alitoa kitu kilichofungwa kwenye khanga, kizito. "Mama mdogo, hiki ni chako. Alisema nikupe akishaondoka, si kabla."

Niliijua kabla sijafungua. Ilikuwa ile diski, na lebo yenye mwandiko wangu wa ujana: MBOVU. Ilikuwa kwenye boksi lile la takataka. Chini yake palikuwa na karatasi moja iliyokunjwa. Juu kabisa ilichapwa amri aliyoitumia, nami nikaisoma kwa kidole kama mtoto: dd, kisha bs=512, ukubwa wa bloki. Chini ya amri, mstari mmoja wa kumbukumbu. Jina: Zuhura. Ijumaa. Saa saba na dakika kumi. Kituo cha 4. Na pembeni, kwa kalamu ya wino, mwandiko wake uliolala kulia: "Saa hii Enesi alikuwa kwa mama Sikujua, anakula. Nilimwona nikipita kwenda kuswali."

Niliketi kitandani kwa marehemu bila kuombwa. Kwa hiyo ushahidi wangu ulikuwepo. Kituo cha nne kingesomwa mbele ya tajiri, na mtu mmoja tu Tunduma nzima angeweza kusema kwamba Enesi hakuwa kwenye kiti chake, na huyo mtu alikuwa amesimama nyuma ya nondo ananisihi nisiharakishe. Tungetoka wote wawili salama, na swali lingebaki kwa mtu wa tatu aliyekuwa ofisini. Nilimzika aliyekuwa ameshika kamba ya kuniokoa. Nilihisi aibu, naam, lakini kabla ya aibu nilihisi hasira, na nilimkasirikia yeye. Alijua, akakaa na karatasi hii akiuza madaftari, akaniacha nikipita kwenye matope.

"Kwa nini si kabla?" nikamuuliza Mwanaidi. "Kwa nini hakuniita?"

Alikuwa anakunja shuka. "Nilimuuliza. Alisema ukiipata mapema utakuja kumwomba msamaha." Akanyoosha kona ya shuka. "Na hakutaka kukusamehe. Alisema hakuwa na nguvu ya kukukatalia usoni."

Nje mtu alikuwa anaita watoto wanawe mikono. Nikakunja karatasi kwa mikunjo ileile aliyoikunja yeye. Nikauliza la mwisho, swali la kazi tu, maana ndilo pekee lililokuwa limebaki ninaloweza kulisema: diski yenyewe aliisoma kwa muda gani?

"Aliisomea kule dukani, kwenye kompyuta kuukuu aliyoinunua Nakonde," akasema Mwanaidi. "Nilikuwa darasa la tano, nakumbuka alinikataza kuigusa. Siku tatu."

Mimi nilimaliza kwa dakika arobaini.